UZI: Maporomoko ya Hardanger, Norwei: nilikofika, nilikoloa na nilikogeukia njiani

MkiboshoBergen

Habari za muda huu wadau. Kila ikifika mwezi wa tano napokea ujumbe wa faragha ule ule: "Mkuu, nakuja Norwei kiangazi, nataka nipige picha Trolltunga, ule mwamba unaotokeza hewani, nielekeze." Nimechoka kumjibu mmoja mmoja. Naufungua uzi huu, ulizeni humu humu ili na wengine wasome.

Kwa wasionifahamu: mimi mtoto wa Kibosho, nilikuja Bergen kusoma, nikapata kazi nikabaki. Huu mwaka wa sita. Nimekulia kwenye mteremko, shuleni tulikwenda kwa kuruka mifongo, ile mifereji yetu ya maji, na kushuka makorongo, kwa hiyo nilipofika huku nikajiona mimi na milima ni ndugu. Ujinga huo ulinigharimu, nitawaeleza mbele.

Hardanger iko magharibi mwa Norwei, mashariki ya Bergen. Kuna mkono wa bahari umepenya katikati ya milima kwa karibu kilomita 180, ndio Hardangerfjord. Barafu za kale zilichimba bonde kuu likawa refu kwenda chini, mabonde ya pembeni yakachimbwa kidogo tu, yakabaki yananing'inia juu. Sasa mto unaopita bonde la juu ukifika ukingoni hauna pa kwenda, unajirusha. Juu kabisa kuna uwanda mkubwa unaoitwa Hardangervidda, umejaa theluji hadi kiangazi kinapoanza. Theluji hiyo ikiyeyuka, mwishoni mwa mwezi wa tano na mwezi wa sita, kila genge linamwaga maji. Mwezi wa nane kama hakuna mvua unaweza kukuta mengine yamebaki uzi mwembamba. Kwa hiyo anayeniuliza "nije lini", jibu ni mwezi wa sita. Ukitaka na maua ya mitufaa, wahi katikati ya mwezi wa tano, ila huko juu bado theluji imefunga njia.

Kitu kimoja cha lugha kabla sijaendelea: *foss* ni maporomoko, na ile *-en* ya mwisho ni kama kusema "yale". Ukisema "maporomoko ya Vøringsfossen" umeshasema mara mbili. Mimi nasema hivyo hivyo, hakuna polisi wa sarufi.

Naanza na jepesi.

Mama_Tatu_wa_Tanga

Nimeweka mkeka na chai ya tangawizi. Endelea mdogo wangu.

Kijana_wa_Temeke

Yaani mtu apande ndege mbili kwenda kutazama maji yanaanguka? Si aende Kalambo, mita 235, pembeni hakuna hata anayemsukuma.

MkiboshoBergen

@Kijana_wa_Temeke Kalambo nakubali, ni moto mwingine. Lakini uzi ni wa aliyeko huku tayari au anayekuja kwa shughuli zake. Hakuna aliyekuambia uuze kiwanja.

Haya. Steinsdalsfossen, nje kidogo ya mji mdogo wa Norheimsund. Kutoka Bergen ni basi moja, saa moja na ushei. Yana mita 50 tu, kwa Hardanger huo ni utoto. Lakini ni haya ambayo unapita NYUMA yake. Njia imetengenezwa vizuri na ina vyuma vya kushikia, unapanda dakika tano, unaingia chini ya mwamba, na maji yanashuka mbele yako kama pazia. Kiingilio hakuna.

Nikuelezeni ukiwa pale nyuma inakuwaje. Kwanza sauti inabadilika. Nje ulikuwa unasikia mngurumo, ndani unausikia kifuani. Miwani yangu iliingia ukungu palepale. Mwanga unaopenya kwenye maji unakuwa wa kijivu cheupe na unatikisika ukutani. Mtoto mmoja wa Kijerumani alikuwa anapiga kelele kwa furaha, mdomo naona umefunguka, sauti haifiki.

Mto huu zamani haukupita hapa. Mwaka 1699 ulihama njia yake ukaangukia hapo, na maporomoko ndipo yalipozaliwa. Sasa sikilizeni hii. Aliyeyapa jina duniani ni Kaiza Wilhelm II wa Ujerumani. Kuanzia 1889 hadi 1914 alikuwa anakuja na meli yake karibu kila kiangazi kuyatazama. Mwaka 1889! Huo huo ndio Hans Meyer alifika kileleni Kilimanjaro akakibatiza kilele chetu jina la Kaiza. Miaka miwili baadaye majeshi yake yalikuja kupigana na Mangi Sina pale Kibosho kwetu. Na 1905 hadi 1907, watu wa Kusini wanakufa katika vita vya Maji Maji, bwana mkubwa kiangazi yuko kwenye meli yake ya matembezi. Nilisimama nyuma ya lile pazia nikiwaza hilo, na mzee mmoja wa kizungu akaniuliza kama nataka anipige picha. Nikamwambia ndiyo. Picha imetoka nimekunja uso.

Mwl_Songea

Mkuu, hiyo aya ya Kaiza nimeisoma mara mbili. Kesho nawasomea wanafunzi wangu wa kidato cha tatu. Na 1914 hadithi ilikuwa ile ile, vita kuu inanukia Ulaya yeye yumo kwenye meli huko huko Norwei mpaka mwishoni mwa Julai.

Kijana_wa_Temeke

Hapo sasa umenikalisha. Endelea.

NyahururuFinest

Wacha niulize kutoka Kenya. Sisi tuna Thomson's Falls, mita 74, nimekua nikiiona kila siku nikienda shule. Hiyo Vøringsfossen watu wanaposti ni kubwa kiasi gani kweli, ama ni kamera?

MkiboshoBergen

@NyahururuFinest Si kamera. Vøringsfossen jumla ni mita 182, na mwanguko mmoja ulionyooka ni mita 163. Weka Thomson's Falls mbili juu ya nyingine, bado hujafika. Yako bonde la Måbødalen, wilaya ya Eidfjord, kando ya barabara namba 7.

Kuna namna mbili za kuyaona. Ya kwanza ni ya juu, penye hoteli ya Fossli, jengo la miaka ya 1890. Mwaka 2020 walifungua daraja la ngazi linalokatiza korongo juu kabisa ya maji, ngazi 99, urefu wa mita 47. Unatembea huku unaona chini kupitia matundu ya chuma. Mimi siogopi kimo lakini katikati pale nilishika chuma kwa mikono miwili, na mke wangu anayo picha. Tafadhali msiruke vizuizi. Watu wameshakufa pale kwa ajili ya picha.

Namna ya pili ni kutokea chini, na hii ndiyo naipenda. Unaacha gari kwenye barabara ya zamani bondeni, unafuata mto, mawe makubwa mpaka unatumia mikono, unavuka daraja la kuning'inia, unafika chini ya maporomoko. Ipange kama saa tatu kwenda na kurudi. Pale chini hakuna mvua lakini utaloa kama umetupwa ziwani. Ukibahatika na jua, upinde wa mvua unausimamia.

Na tahadhari kwa wanaokuja mwezi wa pili na matumaini makubwa: maji ya mto ule, Bjoreio, yanachukuliwa kuzalisha umeme kituo cha Sima. Sheria inawalazimu waachie angalau mita za ujazo 12 kila sekunde kuanzia Juni 1 hadi Septemba 15, ili watalii wapate cha kutazama. Nje ya hapo yanapungua sana.

Fundi_Umeme_Moro

Hapo umenigusa kwenye kazi yangu. Yaani wana bomba la maporomoko wanalifungulia watalii! Wadau mnakumbuka Kihansi? Sisi tulipochepusha maji ya Kihansi kwa ajili ya umeme, megawati 180, manyunyu yale yakakauka, na chura mdogo aliyekuwa akiishi kwenye manyunyu tu, popote pengine duniani hayupo, akapotea. Mwaka 2009 akatangazwa kutoweka porini. Wakabaki waliopelekwa Marekani kufugwa kwenye vioo, na 2012 ndipo wakaanza kurudishwa. Sasa hivi kule Kihansi kuna mabomba yanayonyunyizia maji kuigiza maporomoko. Na Norwei ilikuwa miongoni mwa waliotoa fedha za mradi ule. Kwao wameacha maji kwa ajili ya watalii, kwetu chura alikuja kukumbukwa ameshaondoka.

MkiboshoBergen

@Fundi_Umeme_Moro Asante mkuu, hii sikuiunganisha kabisa. Ila kuwatendea haki, kwao pia wameua mengi. Karibu na Odda kulikuwa na Tyssestrengene na Ringedalsfossen, wachoraji wa zamani walikuwa wanasafiri kwenda kuyachora. Kituo cha umeme cha Tyssedal kilianza 1908, miaka iliyofuata maji yakazidi kuingizwa kwenye mabomba, maporomoko yakaisha. Leo kile kituo ni makumbusho, jengo zuri kama kanisa. Na anayepanda kwenda Trolltunga anapita juu ya bwawa lile lile, ziwa Ringedalsvatnet, akidhani anaona mandhari ya asili.

Bi_Shangani

Assalam aleikum. Kaka, mimi nipo Unguja, nakuja huko mwezi wa sita kwa mafunzo ya wiki tatu. Nna masuala mawili. Jua linazama saa ngapi, nijipange na sala? Na mimi si mtu wa milima hata kidogo, magoti mabovu. Nipate wapi pa kwenda nisidhalilike?

MkiboshoBergen

@Bi_Shangani Waaleikum salaam dada. Katikati ya mwezi wa sita jua linazama saa tano usiku na kuchomoza saa kumi alfajiri. Giza lenyewe haliji, kunakuwa na mwanga wa jioni tu usiku kucha. Masuala ya sala wenye elimu watakujibu.

Kwa magoti: Steinsdalsfossen niliyoitaja, utafika. Vøringsfossen upande wa juu, zile ngazi 99 waachie wenye magoti, sehemu za kutazamia zinatosha. Na Låtefossen, hapo hata kushuka garini si lazima. Yako kusini ya Odda, kando ya barabara namba 13, mita 165, yanashuka mawili kutoka juu kisha yanakutana chini na kupita kwa kishindo chini ya daraja la mawe lenye matao sita. Gari likipita unawasha waipa hata siku ya jua. Ukiwa na basi la watalii mwambie dereva afunge dirisha lake, wetu hakufunga.

Ustadh_wa_Oslo

@Bi_Shangani Dada, ukiwa msafiri una ruhusa ya kufupisha na kukusanya, kwa hiyo usijitie dhiki. Adhuhuri na Alasiri kwa pamoja, Magharibi na Isha kwa pamoja. Pa kusali hapakosekani, nyasi kila mahali. Udhu tu ndio mtihani, maji yale dakika tano nyuma yalikuwa theluji. Mimi nilitawadha mto mmoja huko Eidfjord, vidole vikagoma mpaka rakaa ya pili.

Bi_Shangani

Hahaha! Ahsanteni sana. Nitabeba chupa ya maji ya uvuguvugu.

Mama_Tatu_wa_Tanga

Mdogo wangu, ulisema ujinga ulikugharimu. Mkeka unapoa hapa.

MkiboshoBergen

Naam, dada yangu. Twende Husedalen.

Hili bonde liko nyuma ya mji wa Kinsarvik, na kwangu mimi linawazidi wote. Mto Kinso unashuka kutoka Hardangervidda kwa maporomoko manne mfululizo, na umehifadhiwa usijengewe mabwawa, kwa hiyo, ukiacha la kwanza lenye kituo kidogo cha umeme, maji unayoyaona ni yote. La kwanza Tveitafossen, mita 103. La pili Nyastølfossen, mita 115. La tatu Nykkjesøyfossen, mita 49. La nne, mama lao, Søtefossen, mita 246. Kwenda mpaka la nne na kurudi ni saa sita za mtu mwenye pumzi, bila kuhesabu kukaa.

Nilikwenda mara ya kwanza mwezi wa sita na rafiki yangu, binti wa Mwanza anayesoma huku, tumwite Nyamiti. Treni Bergen hadi Voss, kisha basi la kwenda Odda. Hilo basi lenyewe ni utalii. Linaingia ndani ya mlima, na humo ndani ya mlima kuna KIPILEFTI. Sifanyi utani, kipilefti chenye taa za buluu ndani ya mwamba. Ukitoka tu uko juu ya daraja la Hardanger, la mwaka 2013, nafasi kati ya nguzo na nguzo ni mita 1,310, halafu unaingia tena mlima wa pili, na humo kipilefti kingine.

Makosa yetu nayataja ili yasirudiwe. Tulianza kupanda saa tano na nusu asubuhi, tayari tumechelewa. Mimi nilivaa raba za mazoezi na jinzi. Nyamiti alivaa buti alizonunua mtandaoni, bei ya kutupa. Utabiri ulisema mvua alasiri, nikasema mimi nimezaliwa kwenye mvua.

Mpaka la kwanza ni barabara ya changarawe, unatembea unapiga stori, chini kuna kituo kidogo cha umeme. Baada ya hapo ndipo bonde linakuonyesha meno. Njia inapanda kando ya Nyastølfossen, mizizi na mawe, na maji yamepotea njia yanashuka pale pale unapokanyaga. Ile mizizi imesuguliwa na miguu ya watu mpaka inang'aa kama mpini wa jembe la zamani, na ikiloa inakuwa sabuni. Nilianguka mara mbili. Mara ya tatu sikuanguka, nilikaa mwenyewe. Jinzi imenyonya maji, inanivuta chini kama nimebeba mtoto kila mguu.

Tukiwa tunahema hapo akatupita bibi wa kizungu, miaka sabini na kitu, na mbwa wake. Hahemi. Akatusalimia, akatazama raba zangu, akanyamaza. Kile kimya kilisema mengi.

La tatu tulifika saa tisa. Mvua ikafika nasi. Wingu likashuka likaziba sehemu yote ya juu ya bonde. Søtefossen tulikuwa tunaisikia, mngurumo mzito kule mbele, lakini kuiona hatukuiona. Mimi nataka kuendelea. Nimetoka Bergen alfajiri, nimelipa nauli, nirudi bila mama lao? Nikaanza kutembea. Nyamiti akaniita. Nikageuka, nikamkuta amesimama kwa mguu mmoja: soli ya buti imebanduka kuanzia vidoleni, inachekelea kama mdomo wa mamba.

Tukakaa chini ya mwamba tuifunge kwa kamba ya begi. Akatoa chokoleti, Kvikk Lunsj, ile ambayo kila Mnorwei huibeba mlimani. Wengi hawajui kwamba ndani ya karatasi yake wamekuwa wakichapa kanuni za mlimani. Kanuni hizo zilisambazwa sana baada ya watu wengi kufa milimani sikukuu ya Pasaka ya 1967. Nyamiti akaanza kunisomea kwa sauti ya mwalimu mkuu, Kinorwei chake cha mwaka mmoja, mpaka ya nane: geuka mapema, hakuna aibu kugeuka. Akaikunja karatasi akaitia mfukoni. Akaanza kushuka.

Nilimfuata nimenuna. Kushuka kulikuwa kubaya kuliko kupanda, ile sehemu ya mizizi tuliishuka kwa makalio. Kama tungeendelea saa moja zaidi, na soli ile, na mvua ile, tungeishuka saa ngapi? Tulipofika barabarani kwenye changarawe yule bibi alikuwa ameketi kwenye jiwe anamimina kahawa kwenye kikombe. Na yeye aligeuka pale pale tulipogeuka sisi. Ana buti nzuri, ana koti zuri, ana mbwa, na amegeuka.

Mama_Tatu_wa_Tanga

Soli kama mdomo wa mamba! Nimecheka mpaka mjukuu kaja kuangalia. Huyo Nyamiti ni yule mke uliyemtaja na picha ya daraja au mwingine?

MkiboshoBergen

Dada, uzi ni wa maporomoko.

Mama_Tatu_wa_Tanga

Nimejibiwa.

Baba_Furaha_Voss

Jambo wandugu. Mimi ni mtu wa Uvira, Kongo, tuko hapa Voss na familia tangu 2016. Nimefurahi kuona Kiswahili na Husedalen pamoja. Niongeze kidogo.

Kwa wenye watoto, nendeni Skjervsfossen, kati ya Voss na Granvin. Mita 150, kuna ngazi za mawe zimejengwa kandokando, unaona sehemu ya juu na sehemu ya chini, na choo chake ni kizuri watu wanakipiga picha. Sisi tunakwenda na chakula, tunakaa siku nzima.

Pengine ni Bondhusdalen, upande wa barafu ya Folgefonna. Njia pana, karibu tambarare, kwa mwendo wa mtoto ni saa moja mpaka ziwani, na mwisho wa ziwa unaona ulimi wa barafu umening'inia. Ile njia ilijengwa 1863 kwa ajili ya kubeba vipande vya barafu kwa farasi, vinapelekwa kwenye meli, vinauzwa mbali. Wakati hakuna friji, barafu ilikuwa biashara. Ukiwa hapo, pitia na Furebergfossen kando ya barabara, gari lenyewe litaoshwa bure.

Na nguo, ndugu yangu, jinzi ulikosa sana. Watoto wangu walianza shule ya chekechea hapa, wanapelekwa msituni mvua na theluji, na mwalimu alituita akatuambia: sufu ndani, pamba hapana. Pamba ikiloa inakushika na baridi. Sufu hata ikiloa ina joto.

MkiboshoBergen

@Baba_Furaha_Voss Karibu sana mzee, na umesema kweli tupu. Nyongeza kwa wenye mfuko mwepesi: usinunue vifaa vipya. Kuna mpango unaitwa BUA, vituo viko miji mingi, wanaazimisha buti, mabegi, mahema, BURE. Mimi nilijua mwaka wa tatu, nimeshatupa hela. Na maduka ya mitumba yapo, mitumba ya huku ni koti la mtu aliyelivaa mara mbili.

Kijana_wa_Temeke

Yaani mitumba imetufuata mpaka chanzoni.

NyahururuFinest

Na kulala? Hoteli za huko nimeona bei nikafunga simu.

MkiboshoBergen

Hema. Kuna sheria ya mwaka 1957 inayompa kila mtu, hata mgeni, haki ya kutembea na kulala kwenye ardhi isiyolimwa bila kuomba ruhusa. Masharti: angalau mita 150 kutoka nyumba ya mtu, na mahali pamoja usizidi siku mbili bila kumwuliza mwenye ardhi. Huko mbali mlimani unaweza kuzidisha. Shamba, bustani ya matufaa, ua wa mtu, hapana. Moto usiwashe msituni kati ya Aprili 15 na Septemba 15, tumia jiko dogo la gesi. Ondoka na taka zako.

Chakula, mimi hubeba chapati na mayai ya kuchemsha. Wenyeji wanabeba mkate na jibini la kahawia, tamu kama maziwa yaliyokaangwa na sukari. Maji ya bomba yanywe tu, acha kununua chupa.

Mwl_Songea

Na Trolltunga je? Umeisema mwanzoni kama unaikimbia.

MkiboshoBergen

Sijaikimbia mwalimu, nimekwenda. Ni ulimi wa mwamba unaotokeza hewani, kama mita 700 juu ya lile ziwa la bwawa. Kutoka maegesho ya Skjeggedal ni kilomita 27 kwenda na kurudi, saa kumi hadi kumi na mbili. Kuna maegesho ya juu, Mågelitopp, yanaipunguza kuwa kilomita 20, ila nafasi chache, lazima uweke oda mapema. Bila kiongozi ni kiangazi tu, kuanzia mwezi wa sita hadi wa tisa theluji ikiwa imeondoka. Pale juu kuna foleni ya kupiga picha. Nilisimama kwenye foleni muda mrefu kuliko foleni yoyote niliyowahi kuisimama Mwenge enzi za daladala. Picha ni nzuri. Kati ya kilomita zile 27, nyingi ni mawe matupu ya kijivu. Anayetaka aende, lakini mgeni mwenye siku moja tu nitampeleka Husedalen asubuhi kabla sijamtajia Trolltunga.

Na kama hujui pumzi yako ikoje, ukiwa Bergen panda kwanza Ulriken, mita 643, kuna ngazi za mawe zilizojengwa na mafundi wa Kisherpa kutoka Nepal. Ukifika juu ukiwa unaweza kuongea, uko tayari.

Mengine haraka haraka: utabiri tazama yr.no, na ukisema mvua amini. Njia za juu zina alama ya T nyekundu kwenye mawe, ukitembea mbali bila kuona T nyingine, rudi kwenye ile ya mwisho uliyoiona. Dharura ya afya ni 113.

Mjomba_Muscat

Nipo Muscat, nje digrii 44, nasoma uzi huu huku AC inalia. Hayo maji ya theluji, hebu tupia hata sauti yake.

Bi_Shangani

Nimerudi kuleta mrejesho. Nimefika Steinsdalsfossen juzi, magoti yangu yote mawili. Mvua ilinyesha nje, nikaingia nyuma ya maporomoko kujikinga na mvua! Nikasimama pale, ninatazama maji kwa maji. Nilipotoka baibui lilikuwa linachuruzika. Kuna mama mmoja akaniazima mwavuli bila kuulizwa. Dada wa Tanga, na mimi nimekunja uso kwenye picha, lakini mimi ni baridi.

MkiboshoBergen

@Bi_Shangani Hongera sana dada!

Wadau, tangazo. Jumamosi ya wiki ijayo, kama utabiri utakaa hivi hivi, narudi Husedalen kumalizana na Søtefossen. Treni ya kwanza kutoka Bergen, Voss tunapanda basi. Kupanda tunaanza kabla ya saa nne asubuhi, na ikifika saa nane popote tulipo tunageuka. Tuko wawili mpaka sasa. Nani anakuja?

Baba_Furaha_Voss

Mimi na kijana wangu mkubwa. Tutawangoja stendi ya Voss.

Ustadh_wa_Oslo

Nipo. Chapati nani analeta?

MkiboshoBergen

Nyamiti. Na buti amenunua nyingine.